Mtaalamu akisema "mmoja kati ya milioni"

SWALI: Katika kesi ya jinai, shahidi mtaalamu wa vinasaba alianza kwa kutaja shahada zake, kisha akasema uwezekano wa vinasaba vya mtu mwingine kufanana na vya sampuli ya damu ni mmoja kati ya milioni. Je, mshtakiwa ameshakwisha? Na wakili asiye mwanasayansi atamhojije shahidi huyo?

JIBU: Hajakwisha. Namba hiyo inaeleza uwezekano wa mtu yeyote asiyehusika kulingana na sampuli kwa bahati tu. Haisemi mshtakiwa ana uwezekano gani wa kutokuwa na hatia. Katika watu milioni 10, tarajia kumi hivi wanaolingana. Lazima uwepo ushahidi mwingine wa kumtenga mshtakiwa na hao. Tena, hata damu ikiwa yake kweli, vinasaba havisemi ilifika eneo la tukio lini.

Namba mbaya huponza watu. Mwaka 1999, nchini Uingereza, Sally Clark alitiwa hatiani kwa kuwaua wanawe wawili wachanga. Daktari bingwa wa watoto alidai kwamba vifo viwili vya ghafla katika familia kama ile hutokea mara moja kati ya milioni 73. Alichukua uwezekano wa kifo kimoja, 1/8,543, akauzidisha kwa 1/8,543, kana kwamba ndugu hawashiriki urithi wala mazingira. Ujuzi wake ulikuwa watoto, si takwimu, na hapo ndipo alipopaswa kusimamishwa. Hukumu ilitenguliwa mwaka 2003, baada ya kubainika pia kwamba majibu ya vipimo vya bakteria vya mtoto mmoja hayakuwa yamefikishwa kwa utetezi.

Kwa hiyo shahada zisimtishe wakili. Aombe mapema jalada zima la maabara, maana ripoti ya kurasa mbili huficha mengi. Atazame nani alimkabidhi nani kielelezo, na kama namba ya lakiri (muhuri wa kukifungia) ni ileile kila hatua. Aangalie pia sampuli tupu, isiyotiwa vinasaba vyovyote, iliyopimwa sambamba: ikionyesha vinasaba, kuna uchafuzi. Kwenye dodoso, yaani maswali ya upande pinzani kwa shahidi, aulize mpimaji aliambiwa nini kabla ya kupima. Mwaka 2004 wataalamu wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walimhusisha wakili mmoja wa jimbo la Oregon na milipuko ya treni za Madrid kwa alama ya kidole. Waliohakiki walijua mwenzao ameshaafiki. Polisi wa Hispania walipata kuwa alama ni ya mtu mwingine.

SWALI: Mtaalamu akilipwa na utetezi, maneno yake bado yana uzito?

JIBU: Yanao. Kulipwa kwa muda wa kazi ni kawaida kwa pande zote mbili. Kinachotia shaka ni malipo yanayotegemea ushindi. Swali zuri zaidi kwenye dodoso ni hili: amewahi kutoa maoni yaliyomwangusha aliyemwita?