Spana namba 13 haiingii, 14 inakula nati: majibu kwa wenye BSA

Barua za safari hii zimetoka pande zote za ziwa, na karibu zote zinahusu pikipiki mbili za zamani za BSA ya Uingereza: M20 ya cc 496, ile iliyotumiwa sana na jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Bantam ndogo ya tustroki.

Nimepata M20 iliyokaa stoo miaka mingi. Spana namba 13 haiingii kwenye nati, 14 inazunguka na kula kona. Baadhi ya bolti hazipo, na fundi wa bodaboda anataka kuweka za milimita, M6 na M8. Nimruhusu?
*Msomaji, Nyakato, Mwanza*

Usimruhusu, na hiyo 14 iweke mbali kabla kona hazijaisha. Nati hizo ni za vipimo vya Kiingereza vya zamani, na spana zake ni za Whitworth. Namba iliyo kwenye spana hiyo inataja unene wa bolti kwa inchi, haitaji upana wa mdomo. Spana ya 1/4 W ina mdomo wa milimita 13.3, ndiyo maana 13 inagoma na 14 inapwaya. Ya 3/16 W ni milimita 11.3, ya 5/16 W ni 15.2, ya 3/8 W ni 18.0. Ukipata hizo nne umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Ukiona spana imeandikwa alama mbili, mfano 1/4 W na 5/16 BS, usishangae: mdomo ni mmoja, mifumo ni miwili.

Sasa thredi, ambako ndiko injini nyingi nzuri huharibiwa. Bolti nyingi za fremu na injini ya M20 zina thredi 26 kwa inchi, yaani kutoka jino hadi jino ni milimita 0.98. M6 ina milimita 1.0. Kwa hiyo M6 itaingia kwa mkono kwenye tundu la 1/4, laini kabisa, na fundi atasema imekubali. Haijakubali. Bolti ya 1/4 ina unene wa milimita 6.35, na M6 ni nyembamba kuliko hiyo kwa theluthi ya milimita. Inashika ncha za meno tu. Ukikaza, au injini ikitetemeka wiki mbili, inatoka na thredi zote za aluminiamu. M8 ina tatizo jingine: unene wake unakaribiana sana na 5/16 (7.94), lakini hatua yake, yaani jino hadi jino, ni 1.25. Inaingia mizunguko miwili inakwama. Akilazimisha kwa spana ndefu, tundu limekufa.

Nunua geji ya thredi na tapu (vifaa vya kukata thredi ndani ya tundu) nne za thredi 26: 1/4, 5/16, 3/8 na 7/16. Kila tundu lipime kabla ya kutia tapu, kwa sababu stadi (bolti zisizo na kichwa) zinazoingia kwenye aluminiamu mara nyingi zina thredi nene za Whitworth upande wa ndani (20 kwa inchi kwa 1/4, 18 kwa 5/16) na thredi laini upande wa nati. Ukipitisha tapu ya 26 kwenye tundu la 20, umeliua mwenyewe. Tundu lililokwisha kufa hupona: linapanuliwa, linatiwa tapu yake maalumu, kisha inapachikwa koili ya chuma yenye thredi ya saizi ya asili. Koili hizo zipo kwa saizi za Kiingereza, usikubali kubadilishiwa kuwa milimita.

Bolti zinazokosekana unaweza kukerezewa hapo hapo Nyakato, ila muulize fundi kwanza kama mashine yake ina gia za kukata thredi 26 kwa inchi. Kama hana, akereze mwili wa bolti na thredi zikatwe kwa dai, kifaa cha kukata thredi za nje.

Beringi ya zamani imeandikwa RLS6. Dukani nimepewa 6204, naambiwa ni ileile. Pia nimekosa cheni na matairi ya M20.
*Msomaji, Musoma*

Si ileile. RLS6 ni ya inchi: tundu milimita 19.05, nje 47.63, upana 14.29. 6204 ni 20, 47 na 14. Kwa macho hutaona tofauti, lakini kwenye shafti itapwaya karibu milimita nzima na kwenye nyumba yake zaidi ya nusu milimita. Wapo watakaokushauri kuzungushia kipande cha kopo. Kopo husagika, beringi huanza kuzunguka ndani ya nyumba yake, na hapo utahitaji nyumba mpya. RLS6 bado inatengenezwa. Agiza kwa namba hiyo. Wakati wa kuifunga, pasha moto nyumba ya aluminiamu mpaka tone la maji lichemke juu yake, beringi itadondokea ndani bila nyundo.

Cheni ya bodaboda, 428, haitakaa kwenye spoketi ya nyuma ya M20: hatua yake, yaani pini hadi pini, ni milimita 12.7, na M20 inataka 15.9, yaani inchi 5/8 kwa upana wa 1/4. Dukani cheni hiyo inaitwa 520. Matairi ni 3.25-19 mbele na nyuma. Royal Enfield Bullet za zamani kutoka India zilitumia saizi hiyohiyo, kwa hiyo waagizaji wa vipuri vya India ndio wa kuwauliza kwanza.

M20 yangu inawaka vizuri asubuhi. Baada ya dakika kama ishirini inazima, ikipoa inawaka tena. Plagi ni mpya, kabureta nimesafisha.
*Msomaji, Sengerema*

Ikizima tu, fungua kifuniko cha tangi na upige kiki. Ikiwaka papo hapo, tatizo ni tundu la hewa la kifuniko, na kazi imeisha.

Isipowaka, chomoa plagi, iegemeze kwenye silinda, piga kiki uangalie cheche. Cheche dhaifu ya njano, au kutokuwapo kabisa wakati injini ni ya moto, inaelekeza kwenye magneto ya Lucas, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche. Anza na ya bei rahisi. Kontakti iwe na nafasi ya milimita 0.30, plagi 0.5. Toa kishikio cha waya wa plagi pembeni mwa magneto, funga kitambaa safi chenye petroli kidogo kwenye penseli, kibonyeze kwenye ringi ya shaba huku mwenzako akizungusha injini taratibu. Vumbi la kaboni lililochanganyika na unyevu wa ziwani hupitisha umeme pasipotakiwa.

Tatizo likibaki, mtuhumiwa mkuu ni kondensa. Imefichwa ndani ya amecha, sehemu ya magneto inayozunguka, na ikizeeka insulesheni yake huachia inapopata joto, ikarudi ikipoa. Ndiyo dalili uliyoieleza. Kubadilisha plagi hakutasaidia hata ubadilishe kumi. Atakayefungua magneto lazima kwanza atoe kishikio cha waya, brashi ya ethi na skrubu ya usalama inayoingia hadi karibu na ringi. Akivuta amecha bila kuvitoa, ukingo wa ringi unavunjika. Amecha ikitoka tu, sumaku iwekewe kipande cha chuma laini, la sivyo hupungua nguvu.

Naweza kutumia oili ya injini ya boti kwenye Bantam D1? Ndiyo inayopatikana huku.
*Msomaji, Nansio, Ukerewe*

Hapana. Oili ya boti yenye alama TC-W3 imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Bantam inapozwa na upepo, silinda yake hupata joto kubwa zaidi, na oili hiyo haiwezi kuilinda inavyotakiwa. Tafuta ya tustroki yenye alama JASO FC au FD. Kitabu cha D1 kinasema sehemu 1 ya oili kwa 20 za petroli, yaani mililita 250 kwa lita 5, lakini hiyo ilikuwa kwa oili za wakati ule. Kwa FC au FD wengi hutumia 1 kwa 32, karibu mililita 156 kwa lita 5. Injini iliyofungwa upya ianze na 1 kwa 20.

Ukiona moshi mwingi mweupe na oili ya giaboksi inapungua, sili ya kranki upande wa klachi imekufa na injini inavuta oili ya giaboksi. Sili ya upande wa pili ikifa, injini huvuta hewa, hukosa petroli ya kutosha na pistoni inaweza kushika. Kila unapofungua injini badilisha zote mbili.

Plagi ya M20 inakuwa nyeusi kila mara hapa Ilemela.

Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, hivyo petroli inazidi. Kwa miinuko ya namna hii AMAL, watengenezaji wa kabureta ya M20, walishauri jeti kuu ipunguzwe kwa takribani asilimia 5: ukikuta 170, weka 160. Lakini jeti kuu hutawala pale tu unapofungua mafuta zaidi ya robo tatu. Kama moshi mweusi unatoka ukiwa mwendo wa kawaida, kagua kwanza jeti ya sindano. Ni ya brasi, sindano huila mpaka tundu likawa na umbo la yai, na hakuna marekebisho mengine yatakayoponya hilo.

Namba ya injini na ya fremu hazifanani, ingawa zote zinaanza na WM20. Nimeuziwa iliyounganishwa?
*Msomaji, Bukoba*

Kutofanana peke yake si ushahidi. M20 zilitoka kiwandani na namba mbili tofauti, na WM20 ni alama ya zile za jeshi za wakati wa vita. Kumbukumbu za usafirishaji za BSA zinatunzwa na Vintage Motor Cycle Club ya Uingereza. Wapelekee namba zote mbili pamoja na picha zake, nao wanaweza kukueleza kama fremu na injini hiyo ziliondoka kiwandani pamoja. Kabla ya hapo linganisha namba na kadi ya pikipiki, na usimruhusu mpiga rangi asage au kupaka puti juu yake.