Tulikuwa na jibu kwa kila kitu

Swali lenu la juma hili: "Je, ipo klabu uliyoiheshimu zamani ambayo leo imeshuka machoni pako? Ni nini kilichoiondolea heshima?" Nalijibu nikiwa shabiki wa Barcelona kwa zaidi ya miaka 20. Ingekuwa rahisi kumnyooshea kidole jirani, na jirani yetu wa Madrid hakosi madoa. Lakini klabu iliyoshuka machoni pangu ni yangu mwenyewe, na ndiyo pekee ninayoweza kuisemea kwa uchungu.

Walioanza kufuatilia mpira miaka ya karibuni huenda wasiamini jinsi timu hii ilivyopendwa hata na wasioishabikia. Tarehe 19 Novemba 2005, mchezaji wetu Ronaldinho aliwafunga Real Madrid mabao mawili nyumbani kwao Santiago Bernabéu, yote akiingia na mpira kutoka kushoto na kumwacha beki wao Sergio Ramos akihangaika. Mechi ikaisha 3-0. Bao la tatu lilipoingia, mashabiki wa Madrid waliinuka vitini wakampigia makofi. Mtani wako wa jadi anakusulubu kwako, nawe unasimama kumshangilia! Mwaka uliofuata klabu ikaweka jina la UNICEF kifuani mwa jezi, na badala ya kulipwa, yenyewe ndiyo ikalipa euro milioni 1.5 kwa mwaka. Mei 2008 Madrid walipotwaa ubingwa wa ligi, wachezaji wetu walijipanga mistari miwili palepale Bernabéu wakawapa gwaride la heshima, yaani kuwapigia makofi mabingwa wakiingia uwanjani, kisha wakafungwa 4-1. Iliuma, lakini sikumbuki kuona aibu. Na mwaka 2011 pale Wembley, baada ya kuifunga Manchester United 3-1, nahodha wetu Carles Puyol alimvisha mwenzake Éric Abidal kitambaa cha unahodha ili ainue kombe la Ulaya. Miezi miwili na ushee kabla ya hapo Abidal alikuwa amefanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ini. Kaulimbiu ya klabu husema kwamba sisi ni zaidi ya klabu, na usiku ule hakuna aliyebisha.

Nimeyataja haya kwa sababu wengi hudhani heshima ya Barcelona ilikuja kwa pasi fupifupi na makombe. Makombe bado tunayachukua. Kilichopungua ni kingine.

Ukiuliza kilianza kupungua lini, wengine watataja Desemba 2010, klabu ilipokubali kuuza kifua cha jezi kwa taasisi ya Qatar baada ya miaka zaidi ya 100 ya kukataa mdhamini wa kulipia. Hilo sitalikalia sana. Klabu ilikuwa na madeni, na kila timu kubwa inavaa tangazo. Mimi nataja usiku mmoja kabla ya hapo, ambao nimeurudia kichwani mara nyingi kuliko fainali yoyote tuliyoshinda.

Ni tarehe 28 Aprili 2010, Camp Nou, nusu fainali ya pili ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Inter ya José Mourinho. Mechi ya kwanza kule Milan tulifungwa 3-1. Dakika ya 28, Thiago Motta wa Inter akiulinda mpira alimgusa kiungo wetu Sergio Busquets usoni kwa mkono. Busquets akaanguka kama aliyepigwa rungu, viganja vimefunika uso. Mwamuzi akatoa kadi nyekundu. Kamera ikamnasa Busquets akiwa bado chini, akichungulia kati ya vidole kuona kama kadi imetoka. Tulishinda 1-0 kwa bao la Piqué dakika za mwishoni, na bao moja halikutosha: kwa jumla ya mechi mbili Inter walituzidi 3-2. Inter wakaanza kushangilia uwanjani. Ghafla mabomba ya kunyunyizia nyasi yakafunguliwa, maji yakawarukia wakiwa katikati ya furaha yao.

Yatazameni matukio hayo mawili pamoja. Busquets ni kijana aliyekuwa na presha ya mechi kubwa. Mchezaji hufanya mambo katika sekunde moja ambayo baadaye angetamani kuyafuta. Namwelewa, na bado naamini ni miongoni mwa viungo wakubwa kuwahi kucheza. Lakini maji yale yalifunguliwa wakati wenye uwanja walikuwa na mgeni aliyewashinda kihalali, mgeni aliyecheza zaidi ya saa nzima akiwa na watu kumi. Miaka miwili tu nyuma tulikuwa tumejipanga kuwapigia makofi watani wetu wa jadi. Sasa tulishindwa hata kumwachia mgeni nyasi kavu.

Na mimi? Nilitetea yote mawili. Nilisema Motta aliinua mkono, kwa hiyo kadi ni halali. Nilisema Mourinho ndiye aliyeleta uchokozi kwa kukimbia uwanjani akinyoosha kidole juu. Nilisema Inter walipaki basi, yaani walijazana nyuma kulinda tu, hawakuja kucheza mpira. Kila hoja ilikuwa na chembe ya ukweli, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kuishika. Sikusema sentensi moja tu: pale tulikosea.

Hapo ndipo ninapokata jibu langu. Klabu haipotezi heshima kwa sababu ya kosa. Kila klabu ina makosa, na mpira unachezwa na watu wenye damu ya moto. Inapoteza heshima pale viongozi wake, wachezaji wake, na sisi mashabiki wake, tunapokuwa na jibu tayari kwa kila kitu. Jibu letu lina maneno mawili: mbona wao? Mwaka 2009 Chelsea walinyimwa penalti pale Stamford Bridge, wachezaji wetu Piqué na Eto'o wakiwa wameunawa mpira, kisha Iniesta akasawazisha dakika za nyongeza na kutupeleka fainali. Mwamuzi mwenyewe alikiri miaka baadaye kwamba alikosea. Sisi tulisema: mbona nasi tuliumizwa mechi ya kwanza? Machi 2017 tuliipindua PSG 6-1 baada ya kufungwa 4-0 Paris, na penalti moja ilitokana na Luis Suárez kuanguka kwa mguso ambao ningeudharau kama angekuwa wa timu nyingine. Tulisema: mbona hata wao wangejiangusha? FIFA ilipotufungia madirisha mawili ya usajili kwa kukiuka kanuni za kusajili wachezaji walio chini ya miaka 18, nilisema tunaonewa, kwani klabu nyingine hazifanyi hivyo?

Hata gwaride la heshima tuliliua kwa njia hiyo. Desemba 2017 Madrid walikuwa wametoka kutwaa Kombe la Dunia la Klabu, na upande wetu ukasema hatutawapa gwaride kwa kuwa sisi hatukushiriki mashindano hayo. Kikanuni, sawa kabisa. Mei 2018 sisi tukawa mabingwa wa ligi, nao wakakataa kutupa, kocha wao Zidane akieleza kwamba ni sisi tuliovunja desturi. Kila upande ukawa na hoja nzuri, na desturi njema ikafa mikononi mwa watu wenye hoja nzuri. Hili lilinisikitisha kuliko vipigo vingi, maana makofi yale hayakuwa na bei. Ni dakika moja ya kusimama.

Februari 2023 ndipo lilipokuja zito zaidi. Ilifichuka kwamba klabu ilikuwa imelipa zaidi ya euro milioni 7, kati ya 2001 na 2018, kwa kampuni za mtu aliyekuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya waamuzi ya Hispania. Klabu inakana kununua waamuzi. Inasema ililipia ripoti za kiufundi. Waendesha mashtaka walipeleka shauri mahakamani, na mahakama ndiyo yenye neno la mwisho, si mimi. Sitamhukumu mtu hapa. Lakini kuna jambo ambalo halihitaji hakimu. Klabu inayojiita zaidi ya klabu haipaswi kuwa na mkataba wa fedha na kiongozi wa waamuzi, hata kama alichokuwa akiandika ni ripoti safi zisizo na hila. Mwamuzi akipuliza kipenga kutupa penalti, mpinzani anapaswa kuwa na uhakika kwamba hakuna bahasha popote. Uhakika huo tumeuvunja wenyewe, na hata mabao halali kabisa ya miaka ile sasa yanatazamwa kwa jicho la pembeni. Messi hakustahili hilo. Xavi na Iniesta hawakustahili hilo.

Wapo watakaosema ninatafuta malaika, na kwamba katika mpira wa leo uungwana ni anasa ya wasio na cha kupoteza. Nawaletea Leeds United, kwa sababu historia yao inakwenda kinyume na yetu. Katika miaka ya 1960 na 1970, chini ya Don Revie, Leeds walikuwa timu hodari iliyochukiwa Uingereza nzima kwa ubabe, hadi jina la "Leeds wachafu" likawaganda kwa miongo. Januari 2019 kocha wao Marcelo Bielsa alimtuma mtu kuchungulia mazoezi ya Derby County. Alipobainika, alimpigia simu kocha wa Derby, Frank Lampard, akakiri kwamba yeye ndiye aliyetuma. Siku chache baadaye aliwaita waandishi, akaeleza kwamba alikuwa amewachunguza wapinzani wake wote wa msimu ule. Klabu ikatozwa faini ya pauni 200,000, na Bielsa akasema ameilipa mwenyewe.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 28 Aprili 2019 (miaka tisa kamili baada ya yale maji ya Camp Nou), Leeds walikuwa wakicheza na Aston Villa, wakiwania kupanda Ligi Kuu moja kwa moja. Mchezaji wa Villa akawa chini ameumia. Wengi uwanjani walisita wakidhani mpira utatolewa nje, lakini Leeds waliendelea na Mateusz Klich akafunga. Vurugu zikazuka. Bielsa akapiga kelele kutoka pembeni, akawaamuru wachezaji wake wawaache Villa wasawazishe. Albert Adomah akatembea na mpira hadi golini. Beki mmoja wa Leeds, Pontus Jansson, alikataa na akajaribu kumzuia. Mechi ikaisha 1-1, na matokeo hayo yakawapa Sheffield United nafasi ya kupanda. Leeds hawakupanda msimu ule.

Ninampenda Jansson katika picha ile. Anaonyesha kwamba amri ile iliuma, kwamba haikuwa maonyesho ya kamera. Uungwana usiouma si uungwana, ni adabu tu ya siku ya ushindi. Mwaka huohuo FIFA iliwapa Bielsa na Leeds tuzo ya mchezo wa kiungwana, na lile jina la miaka ya Revie likapata jibu ambalo hakuna shabiki aliyelazimika kubishana ili kulitetea. Watu walewale, msimu uleule, walikuwa wamekamatwa wakichungulia mazoezi ya jirani! Kilichowatofautisha nasi ni kwamba walipoulizwa walisema ndiyo.

Ninaye rafiki, shabiki wa Real Madrid tangu tukiwa wadogo, ambaye tumetaniana hadi tukakosana na kupatana mara zisizohesabika. Habari ya malipo ilipotoka, nilisubiri anirukie. Siku mbili zikapita kimya. Ya tatu akaniandikia: "Ndugu yangu, nikuulize bila utani. Ingekuwa sisi tumelipa, ungesema nini?"

Vidole vyangu vilishaanza: mbona nyinyi mwaka ule na yule mwamuzi... Nikafuta. Nikaanza upya na habari za ripoti za kiufundi. Nikafuta tena. Nikakumbuka ule usiku wa 2010 na jinsi nilivyokuwa na hoja tatu mkononi kabla nyasi hazijakauka. Mwisho nikamwandikia kwamba ingekuwa wao, ningedai wanyang'anywe makombe.

Akajibu kwamba yeye alikuwa Bernabéu ya 2005 kwa macho ya runinga tu, lakini siku ile alisimama sebuleni akapiga makofi, na baba yake akamkaripia kwa kumshangilia adui. "Nilimwambia baba, hawa siyo adui, hawa wanacheza mpira," aliandika. Kisha akauliza kama bado nitaangalia mechi ya Jumapili.

Nilimwambia nitaangalia. Nimeendelea kuangalia hadi leo, na mchezaji wetu akianguka ndani ya eneo la hatari, nanyamaza mpaka nione marudio.