Kamau wa Njoroge wako wangapi?

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Je, kijana aliyezaliwa Nairobi anahitaji kujua majina ya mababu zake hadi kizazi cha saba?" Nimelisoma mara mbili, na mara zote mbili limenichoma. Habari ya kuhitaji waachieni wachungaji na washenga. Ninyi mngeuliza anayetaka atawapataje, maana hapo ndipo watu wanapopotezwa, hasa na wale wanaowaambia "muulize mzee tu." Mzee husahau, huruka vizazi, humficha shangazi aliyezalia nyumbani bila kuolewa. Karatasi haina haya. Basi panda matatu, shukia Ambassadeur, vuka barabara uingie Nyaraka za Taifa.

Ila uingie ukijua unachotafuta. Lile jengo lililokuwa benki halina orodha ya majina ya watu. Mafaili yamepangwa kwa ofisi iliyoyaandika: mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, idara fulani. Kwa hiyo kabla ya jina la babu, uwe na lokesheni yake na jina la chifu wa wakati huo, na wilaya uijue kwa jina lake la kikoloni. Ukitafuta Murang'a utakosa, tafuta Fort Hall. Watu wa Kakamega na Bungoma wako North Kavirondo. Halafu tahajia. Karani aliandika alichosikia: Wacira akawa Washira, Mbugua akawa Bugua, Ng'ang'a akawa Nganga, na "wa" ikageuzwa s/o, yaani "son of". Andika jina kwa namna tano au sita kabla ya kutoka nyumbani.

Gazeti rasmi la serikali wengi hulisahau. Lilianza 1899, na matoleo mengi yanasomeka mtandaoni bila malipo. Tangazo la mirathi hutaja marehemu, alikofia na tarehe, pamoja na anayeomba kusimamia mali, ambaye mara nyingi ni mjane au mtoto. Vizazi viwili ndani ya mistari minne. Wakatoliki nao wana daftari la ubatizo, la zamani likiwa kwa Kilatini. Usiishie kwenye mstari wa jina, soma na pambizo, maana kipaimara na ndoa huandikwa hapo hata kama ndoa ilifungwa parokia nyingine. Cheti cha kuzaliwa cha mzee usikitegemee sana. Uandikishaji wa lazima ulienea nchi nzima mwaka 1971.

Lakini kila nikitaja karatasi akili inakwenda Kariokor. Sokoni pale tunapajua kwa nyama choma na viondo. Jina lenyewe ni Carrier Corps lililolainishwa na ndimi zetu, kambi ya wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Familia nyingi za Kati, Ukambani na Nyanza zina babu mmoja "aliyekwenda Kariokor asirudi", na huyo ndiye kila mtu anataka kumpata kwanza. Mwaka 1917 ofisa wa kikoloni John Ainsworth alipewa kazi ya kuwazoa wanaume kwa wingi, na machifu wakadaiwa idadi. Sasa itazame ile meza ya kuandikishia. Upande mmoja yuko karani asiyejua lugha ya aliye mbele yake. Upande wa pili ni mtu aliyechukuliwa kwa nguvu, asiye na sababu hata moja ya kutaja jina lake la kweli. Anataja la jirani, au la utani, au la babaye peke yake. Karani anaandika, anampa namba. Miezi kadhaa baadaye, ndani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, mtu huyo anakufa, pengine kwa kuhara damu, kwa kuwa maradhi yaliwamaliza wapagazi wengi kuliko risasi. Namba inarudi Nairobi. Jina lililo kando yake linapelekwa kwa chifu, chifu anauliza kijiji, kijiji hakimjui mtu wa jina hilo. Mishahara mingi ya waliokufa ilikosa wa kuipokea kwa njia kama hiyo. Na ule mnara wa 1928 pale Kenyatta Avenue una sanamu tatu na maandishi ya lugha tatu, ila jina la mpagazi hata mmoja hamna.

Hapa sina budi kulegeza nilichosema juu. Karatasi haina haya, sawa, lakini ilidanganywa, na walioidanganya walijua wanachofanya. Kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, nacho ni vivyo hivyo. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kubana baada ya vita: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi, karatasi ndani ya kikopo cha bati shingoni, alama za vidole, mwajiri, mshahara, na sahihi ya kuachishwa kazi. Aliyetoroka bila sahihi hiyo hakuajirika, kwa hiyo wapo waliokitupa wakaomba kingine kwa jina jingine. Babu alikuwa anajificha, nawe unamtafuta kwenye ofisi aliyokuwa akiikimbia.

Hata asiyejificha anachanganya. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya. Kwa hiyo ukoo mmoja huenda Kamau wa Njoroge wa Kamau wa Njoroge. Wa faili la 1915 na wa rejista ya ardhi ya miaka ya 1950 wanaweza kuwa babu na mjukuu, nawe ukawafanya mtu mmoja. Kinachowatenganisha ni riika, yaani rika la waliotahiriwa pamoja, na riika haimo kwenye rejista, imo kichwani mwa mzee. Usimuulize alizaliwa lini. Muulize alitahiriwa pamoja na kina nani, na kama njaa ya Mianga, ile ya 1943, ilimkuta akichunga mbuzi au akiwa na mke. Kisha orodhesha ndugu zake wote kwa mfuatano wa kuzaliwa, na waliokufa wachanga pia: wavulana wawili wa kwanza na wasichana wawili wa kwanza watakupa majina ya babu na nyanya wote wanne. Wote wakiwa wa upande wa mama tu, umeshampata yule shangazi aliyefichwa bila kumuuliza mtu.

Basi ukiwa na Jumamosi moja na nauli ya safari moja, nenda kwa mzee. Nyaraka utaikuta palepale Jumatatu. Isipokuwa kama mna kesi naye ya shamba. Hapo pitia kwanza ofisi ya ardhi uchukue nakala ya rejista, ndipo ukamwamkie.