Kwa Mnaoanza Kushika Faili la Ushirikiano

Wiki iliyopita, baada ya kikao kimoja pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, kijana aliyeajiriwa juzijuzi na chama cha wafanyabiashara hapa Arusha alinisubiri mlangoni. "Shikamoo dada. Nimepewa faili la wale wa Ujerumani. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa dakika tano, huku simu ikiita mkononi, na tangu siku hiyo jibu lile limenikaa vibaya. Alistahili zaidi ya hapo. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia, yeye na wenzake wote mnaoanza Arusha na Moshi kazi hii ya kuunganisha vyama vyetu vya wafanyabiashara na wenzao wa nje katika mafunzo ya ufundi. Nimeifanya kwa miaka kumi na moja na bado naipenda.

Faili usilifungue kwanza. Panda kifodi uende Unga Limited, shuka, na uingie karakana moja baada ya nyingine. Siku inayofuata nenda Njiro, kesho yake Usa River. Ukiwa Moshi, anzia kwa mafundi wa Pasua. Na ukifika usiulize "mna changamoto gani?", kwa sababu kila mtu atakujibu "mtaji", utaandika "mtaji" mara thelathini na kurudi ofisini mtupu. Uliza hivi: mwezi uliopita ulikataa kazi gani? Swali hilo nilifundishwa na mzee mmoja mwenye karakana ya kukereza vyuma, na sijapata lingine linaloliweza. Mtu akikumbuka kazi aliyoikataa, anamkumbuka mteja, anakumbuka fedha iliyopita mbele ya macho yake, na sababu anaitaja bila kuombwa: hakuwa na mtu wa kusoma mchoro, kifaa cha kupimia kiliharibika, fundi aliyeijua kazi ile ameshahama.

Mwaka wangu wa pili tulizunguka hivyo kwa wanachama zaidi ya ishirini. Hati yetu ya makubaliano ilijaa maneno ya kompyuta, ubunifu na programu za simu, kwa hiyo tulitegemea kuyasikia hayo. Tulichokisikia kilikuwa ubaridi. Mashamba ya maua na mbogamboga, mabucha, hoteli, maduka ya dawa, wote wana vyumba vya ubaridi au friji kubwa, na fundi friji anayeelewa mitambo mipya, ile yenye sensa na inayosomeka kwenye simu, alikuwa anagombaniwa. Wapo waliokuwa wakimwita mtu kutoka Nairobi. Anavuka Namanga, anasafiri zaidi ya kilomita mia mpaka hapa, anabadilisha sensa moja ya joto na kurudi. Wakati huo mboga zilizovunwa alfajiri zinanyauka zikisubiri ndege ya KIA. Kwenye hati yetu, neno "ubaridi" halikuwemo hata mara moja.

Tuliwaandikia wenzetu wa Ujerumani tukawaeleza wazi kwamba tunaomba kubadilisha mpango. Nilikuwa na hofu kwamba wangeona hatuko makini. Kumbe walifurahi, maana kwao mafundi wa ubaridi ni taaluma inayojitegemea yenye walimu wake, na kwa mara ya kwanza waliona tunaomba kitu wanachokijua. Ndiyo maana nawasihi mwanze na wanachama. Mgeni hawezi kukusaidia jambo usilolijua mwenyewe, na asipoambiwa lolote atakuletea alilo nalo.

Sasa jambo linaloleta kutoelewana kuliko yote: neno "chemba", yaani chama cha wafanyabiashara. Ujerumani, mwenye biashara ni mwanachama wa chemba kwa mujibu wa sheria, apende asipende, na ada analipa. Chemba hizo ndizo zinazosajili mikataba ya wanagenzi, kusimamia mitihani yao na kutoa vyeti. Kijana anasaini mkataba na kampuni, analipwa posho, anakaa kazini siku tatu au nne za wiki na siku zinazobaki yuko chuoni, kwa miaka miwili hadi mitatu na nusu kulingana na fani. Kwetu uanachama ni hiari. TCCIA, chemba yetu ya biashara, viwanda na kilimo iliyoanzishwa mwaka 1988, na vyama vingine vidogo kama chetu, vinaishi kwa ada ambayo mtu anaweza kuacha kuilipa mwakani. Na cheti si chetu kukitoa. Ufundi stadi uko mikononi mwa VETA, mamlaka ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na usimamizi wa ubora wa mafunzo ya ufundi uko NACTVET, baraza la taifa la elimu hiyo.

Nimeshuhudia mgeni akikaa nasi siku tatu akipanga mitihani, na sisi tukiitikia kwa vichwa kwa sababu kumkatiza mgeni kulionekana ni kukosa adabu. Akaenda kwao, akaandika mpango mzuri wa kurasa nyingi, na mpango ule haukufika popote kwa sababu msingi wake haukuwepo. Heshima yetu ilitugharimu miezi minane. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, chora kwenye karatasi moja: cheti anatoa nani, mkaguzi ni nani, posho ya kijana inalipwa na nani, na chama chako kinaweza nini. Umwoneshe mgeni kabla ya chai ya saa nne. Na wenye mamlaka waite kwenye kikao hicho hicho, usiwapelekee taarifa baadaye.

Kwa upande huo sisi wa huku tumebarikiwa. Chuo cha Ufundi Arusha kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano na serikali ya Ujerumani, kwa hiyo mnapowaambia wageni kwamba mafungamano haya yana mizizi, hamtii chumvi. TEMDO, wanaobuni na kutengeneza mitambo, wako hapa hapa. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Tengeru. Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, na watu wa Kilimanjaro wana kumbukumbu ya KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa, tangu 1933, wanajua maana ya wadogo kuungana ili wauze kwa bei inayoeleweka. Ajabu ni kwamba mara nyingi taasisi hizi hufahamiana kwenye makongamano ya nje kuliko kwenye barabara ya Moshi–Arusha. Kazi yako ni kuzikutanisha hapa, na hiyo haihitaji mfadhili.

Mashine za msaada nazo zina mambo yake. Tuliletewa mtambo wa kufundishia ubaridi: chumba kidogo cha kioo, kompresa, feni na boksi la umeme. Ulikaa bandarini mpaka gharama za kuhifadhi zikatutisha, kwa sababu karatasi za msamaha wa kodi tulianza kuzifuatilia meli ikiwa imeshatia nanga. Ulipofika karakana tuliyoipanga, tukakuta unahitaji umeme wa fezi tatu na pale palikuwa na fezi moja. Makosa yote mawili yalikuwa yetu. Kabla ya kusema "tunashukuru", omba picha ya kibao cha mashine, kile kinachoonyesha umeme inaotumia, umpelekee fundi umeme wako aisome. Na mtafute wakala wa forodha mashine ikiwa bado kwao.

Lakini mtambo huo huo ndio ulionipa siku ninayoikumbuka kuliko zote katika kazi hii. Tuliuhamishia karakana nyingine yenye fezi tatu, na fundi friji mmoja wa Ngaramtoni akafungua kifuniko cha boksi la umeme. Ndani kila waya ulikuwa na kibandiko cha Kijerumani. Hakusema neno. Alikata selotepu ya karatasi vipande vidogo, akavibandika kwenye mkono wake wa kushoto kutoka kifundo hadi kiwiko, kisha akaanza kufuata waya mmoja mmoja kwa kipimo chake. Kila alipojua unakokwenda, alibandua kipande, akaandika kwa kalamu ya wino, akakizungusha kwenye waya: feni, kompresa, sensa ya mlango, kuyeyusha barafu. Ilimchukua zaidi ya saa mbili. Mwalimu aliyekuja kutoka Ujerumani alisogea, akachuchumaa naye, akawa anamshikia tochi. Karibu na mwisho fundi alisimama kwenye waya mmoja, akaupima tena, akasema huu hauendi pale mchoro unaposema. Walirudia pamoja mara mbili. Kweli, mchoro ulikosewa. Mwalimu alipiga picha akaituma kwao, na mchoro uliorekebishwa ulipokuja, pembeni yake palikuwa na maneno ya Kiswahili ya fundi wetu.

Andikeni mambo kama hayo kwenye ripoti. Ripoti nyingi za ushirikiano zinaorodhesha tulichopokea tu, halafu tunashangaa kwa nini wanatuona wapokeaji.

Nije kwenye lile ambalo wenye karakana watawaambia mkiwa nao peke yenu, bila mgeni: "Mwanangu, nikimfundisha ataondoka." Msilipuuze. Ni kweli anaondoka. Ukimpeleka kijana Ulaya miezi mitatu, akirudi kuna hoteli kubwa inamsubiri na mshahara mara mbili. Na mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi atakuambia kwamba tayari analipia mafunzo kupitia SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo tangu 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara. Ana hoja. Tulijaribu kuwafunga vijana kwa mikataba mikali ya kurejesha gharama, ikawa chuki tu, na waliotaka kuondoka waliondoka.

Kilichofanya kazi ni kuacha kumhesabu fundi kama mali ya karakana moja. Wenye karakana saba walikubaliana kuchangia nauli na posho ya vijana wawili, na kila kijana aliporudi alifundisha Jumamosi kumi, akizunguka karakana zote saba kwa zamu, na mwenye karakana akiwa amekaa pale pale anasikiliza. Mmoja kati ya wale wawili baadaye alichukuliwa na kampuni ya nje ya mkoa. Iliuma, lakini alichojua kilikuwa kimeshakaa kwenye mikono ya watu wengine kumi na kadhaa. Kwa mtazamo wangu, hii ndiyo sababu ya chama kuwepo. Hasara ya kumpoteza fundi ni kubwa mno kwa karakana moja, na ukiigawa kwa saba inabebeka. Ujerumani sheria imewabana wagawane. Sisi inabidi tushawishiane, karakana kwa karakana, na huyo mshawishi ni wewe.

Kuhusu kanda, wengi wenu mtaambiwa muandike neno "Afrika Mashariki" kwenye kila andiko kwa kuwa makao makuu ya Jumuiya yako hapa mjini, na Baraza la Biashara la Afrika Mashariki, lililoanzishwa 1997, nalo liko hapa. Liandikeni mkiwa mnajua maana yake. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na yapo makubaliano ya kutambuana kitaaluma kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Fundi friji hayumo. Mhandisi ana njia iliyoandikwa, lakini yule anayeshika spana bado anavuka mpaka kwa kuitwa na rafiki. Ukimpeleka kijana wako Nairobi au Kampala kwa mafunzo ya wiki sita, shughulikia kibali chake mapema na uwe na barua ya chama cha kule inayomtambua. Na ukipata nafasi ya kusema kwenye vikao vya Baraza, lisemee hilo la mafundi. Ni dogo kwenye makaratasi, lakini watu wanaoishi kwalo ni wengi.

Dogo lingine: saa. Wajerumani hubadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kipindi cha joto tunawazidi saa moja, kipindi cha baridi saa mbili. Jumatatu moja ya mwisho wa Oktoba nilikaa na wanachama sita mbele ya kompyuta saa nne asubuhi, tukasubiri, wakaondoka wakisema wenzetu wametudharau. Saa tano kamili wale wakaingia, wananikuta peke yangu. Tangu hapo kila mwaliko nauandika kwa saa za pande zote mbili.

Na jueni kwamba ushirikiano unashikwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule. Yule wa kule akibadilishwa, omba mzungumze watatu, yeye, mpya na wewe, kabla hajaondoka. Upande wako weka daftari, la karatasi kabisa: nani aliahidi nini, tarehe gani, nani ana ufunguo wa chumba cha mtambo. Mradi una miaka mitatu na fedha zake zina mwisho. Siku zinapokwisha, daftari hilo ndilo litakalomwambia mrithi wako kwamba kuna fundi Ngaramtoni anayejua kila waya.

Yule kijana wa AICC nimempigia jana. Wageni wake wanakuja mwezi ujao na bado hajatembelea karakana hata moja. Tumekubaliana tukutane Jumanne saa mbili asubuhi, Mnara wa Saa, twende Unga Limited pamoja. Nimemwambia faili aliache ofisini.