Jibu: Kabla ya maana ya "sikio la kufa", toa jiko nje

Unauliza "sikio la kufa" ni tusi au la, na linatumikaje, kwa kuwa wapangaji wenzako hapo Makambako wamekuita hivyo. Si tusi. Ni kipande cha methali, "sikio la kufa halisikii dawa", husemwa kwa mtu aliyeonywa mara kwa mara akaendelea vilevile. Wewe unalala na jiko la mkaa chumbani, hawajakuonea. Jiko litoke nje kabla hujapanda kitandani, kuanzia leo.

Eti unasubiri moshi uishe, makaa yawe mekundu, ndipo uliingize. Hapo ndipo penye kifo. Moshi angalau unauona na unakukohoza. Makaa mekundu hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, nayo huzidi kadiri hewa ya chumba inavyopungua. Hung'ang'ania himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, hivyo unapumua kama kawaida na damu haibebi oksijeni ya kutosha. Kichwa kinagonga, kichefuchefu, miguu inalegea; ukija kushtuka, huna nguvu ya kufika mlangoni. Aliyelala huenda asishtuke kabisa.

Na huyo aliyekwambia beseni la maji hunyonya sumu anaua watu kwa mdomo! Gesi hii haiyeyuki majini kwa kiasi cha kukuokoa. Dirisha nalo, kwa baridi ya Juni na Julai huku kwetu, utalifunga tu usiku, na khanga utaisokomeza chini ya mlango.

Hicho kichwa cha asubuhi unachokiita malaria, kipime, lakini pia angalia: kinapoa ukikaa nje? Mnayelala naye kinamuuma? Ukifika zahanati taja jiko, maana kile kifaa cha kubana kidole huonyesha oksijeni ipo sawa hata damu ikiwa imejaa gesi hii. Mtu akizidiwa, fungua mlango, mburute nje, awahishwe hospitali apewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida gesi iliyo kwenye damu hupungua nusu baada ya saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu.

Ukitaka joto kitandani, jaza chupa maji ya moto, ifunge vizuri, izungushie kitambaa. Jiko likae uani, mbali na dirisha. Kulisogeza kwenye korido si kulitoa, na makaa yaliyofunikwa jivu bado yanatoa gesi mpaka yapoe kabisa.