Jibu: Insha ya Vicki Draves, medali mbili za kuchupa 1948

Unaandika insha ya Vicki Draves, Mmarekani aliyeshinda dhahabu mbili za kuchupa majini Olimpiki ya London 1948. Kwa kuwa unauliza alishindaje mara mbili kisha akaacha akiwa na miaka 23 tu, usianzie kwenye medali. Anzia kwenye vifaa, maana hapo ndipo insha nyingi huharibika.

Ubao wa mita 3 juu ya maji unanesa. Mchupaji huubonyeza kwa miguu na kungoja umrushe. Akiharakisha kuondoka, hapati kimo na mzunguko haukamiliki. Jukwaa la mita 10 ni gumu kama sakafu: nguvu yote hutoka miguuni mwake, na huingia majini kwa kasi ya takriban kilomita 50 kwa saa. Mwili ukipinda kidogo tu, mgongo au viganja vinalipia. Ndiyo maana kushinda vyote viwili kwenye Olimpiki moja, kule London, hakuna mwanamke aliyewahi kufanya kabla yake.

Pointi: alipata 108.74 kwenye ubao, Mmarekani mwenzake Zoe Ann Olsen, aliyeshika nafasi ya pili, 108.23. Usizilinganishe na za leo, kanuni zimebadilika mno.

Taja pia jina. Alizaliwa Victoria Manalo, San Francisco, baba Mfilipino na mama Mwingereza. Kwa ubaguzi wa enzi hizo dhidi ya Wafilipino, ili akubaliwe kwenye klabu ya kuchupa ilimbidi atumie Taylor, jina la ukoo wa mama.

Kuhusu kuacha: aliingia maonyesho ya majini ya kulipwa, na enzi hizo ukilipwa, Olimpiki basi. Olimpiki ya Helsinki 1952 ikawa zamu ya mchupaji mwingine Mmarekani, Pat McCormick.