Hiyo picha umeitoa wapi? Majibu kwa wanaotengeneza flaya, kadi na logo

Maswali yenu yamekuwa mengi, asanteni sana. Karibu yote yanazunguka jambo moja, picha na fonti tunazotumia kwenye kazi tunazitoa wapi na nani katuruhusu, kwahiyo leo nabaki hapohapo.

Shikamoo dada. Mi nafanya flaya za shughuli huku Mbagala, picha nachukua Google halafu pembeni naandika "picha kwa hisani ya mtandao". Jamaa wa steshenari anasema hapo niko salama. Ni kweli?

Marahaba mdogo wangu. Hapana, hauko salama hata kidogo. Google hana picha, yeye ni kama dalali wa vyumba, anakupitisha uone lakini nyumba ina mwenyewe na masharti anayo huyo mwenyewe. Picha ikishapigwa tu tayari ina hakimiliki, hata kama mpigaji hajaisajili popote, ndo sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inavyokwenda, na kwa vile Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994 hata mpiga picha wa Brazili au Ufaransa analindwa hukuhuku Mbagala. "Kwa hisani ya mtandao" haimtaji mtu yeyote, mtandao haujawahi kushika kamera. Na hata ukimtaja jina vizuri, kutaja ni heshima tu, ruhusa ni kitu kingine.

Fanya hivi. Ukitafuta picha Google, gusa zana, ingia haki za matumizi, chagua leseni za Creative Commons (CC), yaani ruhusa ambazo mwenye kazi anazitoa mapema kwa masharti yake. Usiishie hapo, fungua tovuti yenyewe usome leseni kwa macho yako, maana Google anarudia tu kilichoandikwa na mwenye tovuti na kuna watu wanapandisha picha za wenzao. Au nenda moja kwa moja kwenye tovuti za picha kama Unsplash, Pexels au Pixabay, kule unaruhusiwa kutumia kibiashara bila kulipa na hulazimishwi kutaja jina, ila usiiuze picha ileile kama ilivyo, na usimfanye mtu aliyemo aonekane kama anaisifia bidhaa ya mteja wako. Halafu, na hili nawaomba sana, piga skrinshoti ya ukurasa wa leseni siku unayodaunlodi uiweke kwenye folda moja na kazi. Leseni zinabadilika. Unsplash walikuwa wanatumia CC0, yaani mwenye picha ameachia haki zake zote, mpaka 2017 wakaja na leseni yao wenyewe, na ukiulizwa miaka mitatu baadaye hutakumbuka ulichukua lini.

Dada habari. Kwaya yetu Ubungo inatoa albamu, tunauza ila pesa inaenda ujenzi wa kanisa. Nimepata picha mbili nzuri, moja Wikimedia Commons imeandikwa CC BY-SA, nyingine Flickr imeandikwa CC BY-NC-ND. Naweza kutumia ipi?

Hongereni kwa albamu. Tumia hiyo ya kwanza. BY maana yake umtaje mwenyewe, SA maana yake ukiichanganya ukatengeneza kava, hilo kava nalo liwe chini ya leseni ileile, watu wengine waweze kulitumia kwa masharti hayohayo. Nyimbo zenu haziguswi, ni kava tu. Pale nyuma andika jina la picha kama lipo, jina la mpiga picha, mlipoitoa na aina ya leseni, mstari mmoja unatosha.

Ya pili iacheni. NC inakataza matumizi ya kibiashara na hapo kinachotazamwa ni matumizi yenyewe, ukiuza umeuza hata kama hela inanunua mabati ya kanisa. ND nayo inakukataza kusambaza picha iliyobadilishwa, sasa kava gani halikatwi wala kuwekewa maandishi? Kama moyo wako umeipenda hiyohiyo, mwandikie mwenyewe huko Flickr, mweleze ni kwaya, idadi ya nakala na bei, muombe ruhusa ya maandishi. Kuna watu wanakubali vizuri tu wakiombwa kwa adabu.

Nafanya kazi na kikundi cha afya Temeke. Nikitafuta picha ya familia naletewa Wazungu, nikiongeza neno Afrika naletewa simba au mtoto analia. Tunatoa wapi picha za watu wetu?

Hili linaniuma kila siku. Kwanza acha kuandika Afrika, andika mahali na kitu, kwa mfano Dar es Salaam soko, Zanzibar mvuvi, Kariakoo, Mwanza, utaona matokeo yanabadilika kabisa. Wikimedia Commons wana makundi ya picha kwa majina ya miji na watu wanasahau kupita kule. Kuna na tovuti ya Nappy, wale wanaweka picha za watu weusi wakiwa ofisini, jikoni, na watoto wao, maisha ya kawaida tu, bila malipo.

Lakini nyie ni watu wa afya, kwahiyo nisikilizeni vizuri. Msichukue uso wa dada yeyote wa mtandaoni mkauweka kwenye bango la VVU, kifua kikuu au ukatili wa nyumbani, hata kama leseni inasema picha ni ya bure. Yule dada ana mama yake, ana mchumba, ana mwajiri, na mtu akipita kituo cha daladala akaliona bango hasomi leseni, anaona mgonjwa. Kwenye kazi za aina hiyo tumieni michoro, mikono, mgongo, au muigizaji aliyeelezwa kila kitu akakubali.

Na kwa bajeti ya mwaka tengeni siku moja mumlipe mpiga picha wa hapahapa, apige zahanati yenu, mtaa wenu, kina mama wenu, mtabaki na hazina yenu wenyewe. Kila anayepigwa asaini karatasi ya Kiswahili inayosema picha itatumika wapi na kwa muda gani, mtoto asainiwe na mzazi au mlezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kufanya kazi Mei 2023, na sura ya mtu nayo inaweza kuwa taarifa yake, kwahiyo hizo karatasi zitunzeni.

Fonti nimedaunlodi bure, imeandikwa ni kwa matumizi binafsi. Kadi za harusi si ni mambo binafsi?

Harusi ni yao, ila wewe unalipwa, kwahiyo kwako ni biashara. Nunua leseni yake au tafuta nyingine Google Fonts, nyingi kule ziko chini ya leseni huria ya OFL, unatumia kwenye kazi za kulipwa bila shida, huruhusiwi tu kuiuza fonti yenyewe peke yake. Kabla hujaipenda jaribu kuandika ng'ombe na Ng'wanza, fonti nyingine za mapambo hiyo alama ya juu hazina kabisa na utaigundua wakati kadi zishaprintiwa.

Nataka kuprinti tisheti za Tingatinga niwauzie watalii. Nimenunua mchoro halali kabisa na nimeupiga picha. Si wangu?

Turubai ni lako, haki ya kuuchapisha si lazima iwe yako. Ulichonunua ni kitu cha kutundika ukutani. Mtindo wenyewe hauna mwenye kuufungia, Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha hapahapa Dar mwaka 1968 na alipofariki 1972 wengine wakaendeleza, wewe pia unaweza kukaa chini ukachora wanyama wako kwa mtindo ule. Ila ule mchoro uliopiga picha una mchoraji wake na kwa sheria yetu haki inaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Na wachoraji hawako mbali jamani, nenda pale Oysterbay kwenye ushirika wao, mtafute aliyeuchora, kaeni mkubaliane kwa maandishi tisheti ngapi, muda gani, yeye anapata kiasi gani kwa kila moja. Halafu weka jina lake kwenye lebo, mtalii anapenda kujua nani kachora na bei yako inapanda kwa haki.

Logo nikitengeneza kwa akili mnemba au kwa templeti ya programu ya Canva kuna ubaya?

Kwa flaya ya wikiendi sina neno. Kwa logo nakataa. Vipande vya picha vya maktaba ya Canva huruhusiwi kuvisajili kama alama ya biashara, na kesho duka la jirani anatumia kipande hichohicho. Akili mnemba nayo, ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilishasema 2023 kwamba kilichotengenezwa na mashine tupu bila mkono wa mtu haisajili, na kampuni kama Getty Images zimefungua kesi kuhusu picha zilizotumika kuifundishia mashine. Mteja akikulipa logo anataka kitu ambacho ni chake. Chukua karatasi uchore, kisha ingia Inkscape, ni programu ya bure ya kuchorea na hutahitaji kraki yenye virusi.

Flaya niliyomtengenezea mteja Sinza nimeikuta kwenye duka lingine, wamebadilisha namba ya simu tu. Nifanyeje?

Pole sana mdogo wangu. Kabla ya yote fungua faili lako uangalie, kilichoibiwa ni nini? Kama picha iliyomo ni ya Unsplash hiyo si yako kuidai, unadai mpangilio, michoro na maandishi uliyobuni. Kusanya faili la awali lenye tarehe, meseji za mteja, risiti, na skrinshoti ya hao jamaa. Wapigie kwa heshima, inawezekana nao waliuziwa na mtu. Wakikaidi, Instagram na Facebook wana fomu ya kulalamikia hakimiliki, na kuna COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, wanapokea malalamiko. Haki yako ipo hata bila usajili, ila kazi zako kubwa zisajili kule ili siku ya ushahidi usihangaike. Na kwenye simu hiyo ya kwanza usianze na polisi, anza na ankara, wape bei yako ya kawaida ya flaya na siku ya mwisho ya kulipa.